Chuo Kilichosomesha Katika Banda la Kuku



Kila mwaka, wakati wa kutafuta karo unapofika, kuna swali ambalo huletwa ofisini kwetu. Mzazi huingia, huvua kofia yake, na kuuliza: "Karani, mtoto wangu amepata nafasi katika chuo cha kilimo. Je, niuze ng'ombe ili akafundishwe kulima? Mimi nimelima miaka yote hii bila kufundishwa na mtu."

Swali hilo si la mjinga. Ng'ombe ni mali, na karo ikiisha kulipwa hairudi. Basi badala ya kukujibu kwa maneno matupu, nitakusimulia habari za chuo kimoja kilichoanza kidogo sana huko Marekani, na za baadhi ya watu waliosoma hapo. Ukiisha kusoma, pima mwenyewe.

MWANZO WA CHUO

Chuo hicho chaitwa Tuskegee, nacho kiko Alabama, kusini mwa Marekani. Kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, miaka 16 tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Mkuu wake wa kwanza, Booker T. Washington, alizaliwa mtumwa. Wanafunzi walikuwa 30. Darasa lilikuwa kibanda kibovu, na mvua iliponyesha mwanafunzi mmoja alisimama akimshikia mwalimu mwavuli huku wenzake wakisoma.

Baada ya muda mfupi walinunua shamba la eka 100 kwa dola 500, na dola 250 za kwanza walizikopa. Nyumba kubwa ya shamba hilo ilikuwa imeungua. Kilichosalia ni jiko, chumba cha kulia, banda la farasi na banda la kuku. Wakayasafisha mabanda hayo na kuyafanya madarasa.

Walipotaka nyumba bora waliamua kuchoma matofali wenyewe. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, na la tatu vilevile. Washington akaweka rehani saa yake kwa dola 15, wakajenga tanuri la nne, nalo likafaulu. Mwanafunzi asiyekuwa na karo aliruhusiwa kufanya kazi mchana saa kumi, kisha akasoma usiku saa mbili.

Watu wengi wakisikia jina la Tuskegee humkumbuka Dr. George Washington Carver, bingwa wa njugu na viazi vitamu. Lakini Carver alifika pale mwaka wa 1896 akiwa mwalimu, si mwanafunzi. Leo nataka tuwatazame waliokaa upande wa pili wa darasa, yaani wanafunzi wenyewe.

BWANA SHAMBA WA KWANZA

Thomas Monroe Campbell alizaliwa mwaka wa 1883 katika jimbo la Georgia, katika jamaa ya watu maskini waliolima mashamba ya wengine. Mwaka wa 1899, akiwa kijana asiyejua kusoma vizuri, alitoroka nyumbani akaenda Tuskegee, na sehemu kubwa ya safari aliimaliza kwa miguu. Alisoma huku akifanya kazi, hata akamaliza mwaka wa 1906.

Mwaka ule ule Tuskegee ilikuwa imetengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, lililoitwa gari la Jesup kwa jina la tajiri aliyetoa fedha. Ndani yake mlikuwa na plau, mbegu bora, chombo cha kusukia siagi na mashine ya kutenga krimu na maziwa. Shabaha ilikuwa moja: kama mkulima hawezi kwenda chuoni, chuo kitamwendea mkulima. Mnamo Novemba 1906 Campbell alipewa kazi hiyo. Hivyo akawa Mtu Mweusi wa kwanza kuajiriwa na Idara ya Kilimo ya Marekani kufanya kazi ambayo sisi twaiita ya Bwana Shamba.

Sikiliza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Gari likifika, wakulima walikusanyika katika shamba la mmoja wao. Hawakukaa chini ya mti kusikiliza hotuba na kwenda zao. Walilima kwa plau, walichagua mbegu, walitengeneza ua, walichimba choo na kupaka nyumba chokaa. Jioni kila mtu alirudi kwake akiwa amekwisha kuifanya kazi ile kwa mikono yake mwenyewe.

Campbell alipanda cheo hata akasimamia kazi hiyo katika majimbo saba ya kusini. Mwaka wa 1944 alitumwa Afrika kutazama kilimo na elimu ya vijijini, akafika Afrika Magharibi na Kongo ya Wabelgiji. Alistaafu mwaka wa 1953, na mwaka wa 1956 alifariki. Kijana aliyetembea kwa miguu kwenda kusoma alitumia karibu miaka 47 kuwafuata wakulima mashambani mwao.

GARI LA WAKULIMA WENYEWE

Mwaka wa 1920 muuguzi aliyesoma Tuskegee, Uva Hester, aliongezwa katika safari hizo. Aliwafundisha akina mama kulea watoto wachanga, kutunza wagonjwa nyumbani na kulinda maji ya kunywa. Maana shamba zuri lenye watu wagonjwa halina faida.

Na hapa, ndugu mkulima, ndipo pana jambo la kutia moyoni. Mwaka wa 1923 lilinunuliwa gari jipya la moto kwa ajili ya chuo hicho cha magurudumu. Fedha zake, dola zipatazo 5,000, zilichangwa na maelfu ya wakulima Weusi wa Alabama pamoja na marafiki wachache Wazungu. Watu hao walikuwa maskini, na wengi hawakuwa na shamba lao wenyewe. Kwa nini walitoa? Kwa sababu kwa miaka 17 walikuwa wameona faida kwa macho yao. Mtu hachangi senti yake ya mwisho kwa ajili ya maneno.

WALIOJENGA VYUO VINGINE

William J. Edwards alikuwa yatima wa Snow Hill, Alabama. Utotoni aliugua mifupa, hata kwa muda mrefu akashindwa kutembea vizuri. Alimaliza masomo ya Tuskegee mwaka wa 1893. Angeweza kutafuta kazi mjini, lakini alirudi kwao. Alikuta jamaa nyingi zikiishi katika nyumba za chumba kimoja, na mazao yao yakiwekwa rehani kabla ya kuvunwa. Mwaka ule ule alifungua shule akiwa na wanafunzi watatu na senti 50 mfukoni. Shule hiyo ilikua, ikawa na majengo mengi na mamia ya wanafunzi, nayo ilidumu mpaka mwaka wa 1973.

Mwingine ni binti aitwaye Elizabeth Evelyn Wright, aliyemaliza mwaka wa 1894. Alikwenda Carolina ya Kusini kufungua shule kwa ajili ya watoto wa wakulima. Watu waovu walimchomea majengo, naye akaanza upya. Mwaka wa 1897 alifungua shule juu ya duka katika mji wa Denmark. Alifariki mwaka wa 1906 akiwa na umri wa miaka 34 tu, lakini shule yake haikufa. Leo ni chuo kikuu, nacho chaitwa Voorhees.

ELIMU ISIYOMWULIZA MKULIMA

Singekuwa mwaminifu kama ningekueleza mema peke yake. Mwaka wa 1901 vijana watatu waliosoma Tuskegee, pamoja na mwalimu mmoja wa chuo, walianza kazi Togo, Afrika Magharibi, kwa mwaliko wa Wajerumani waliotaka pamba. Wanyama wao wa kukokota plau walikufa kwa maradhi, na watu wakalazimika kukokota badala yao. Mmoja wa vijana hao, John Robinson, alibaki akafungua shule ya pamba mahali paitwapo Notsé. Mwaka wa 1909 alikufa maji mtoni.

Robinson alikuwa hodari wa kazi. Lakini vijana wa Togo waliletwa katika shule ile kwa amri ya serikali ya Kijerumani, na walipotoka walitakiwa walime pamba wapende wasipende. Mkulima wa Togo alitaka kupanda chakula chake na pamba kidogo katikati, kama alivyozoea. Hakuna aliyemwuliza. Sisi wa Afrika Mashariki twajua pamba ya kulazimishwa ilizaa nini: ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji huko Tanganyika mwaka wa 1905.

Linganisha mambo hayo mawili. Ujuzi ulitoka katika chuo kimoja. Kule Alabama ulikwenda kwa mkulima ukamsaidia kwa jambo analolitaka, naye akachanga fedha ili urudi tena. Kule Togo ulikwenda na amri, ukaacha uchungu.

Tena kuna onyo la pili. Hesabu ya mwaka wa 1920 ilionyesha wakulima Weusi zaidi ya 900,000 katika Marekani, lakini karibu mmoja tu katika kila wanne alikuwa na shamba lake mwenyewe. Mwaka wa 2017 walikuwa hawafiki 50,000. Mdudu wa pamba, madeni, ubaguzi katika mikopo, na kuhamia miji ya viwanda viliwaondoa wengi. Basi elimu peke yake haimshikii mtu shamba. Yataka pia hati ya shamba iwe salama na deni lilipwe kwa wakati wake.

SISI JE?

Habari hizi si za mbali kama unavyodhani. Mwaka wa 1924 tume ya elimu kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kuwafundisha walimu wa kuzunguka vijijini, kwa kufuata mfano wa shule za Watu Weusi wa Marekani. Nasi tuna vyuo vyetu vya kilimo. Bukura iko Kakamega. Egerton iko Njoro, nayo ilianza mwaka wa 1939 ikiwa shule ndogo ya vijana Wazungu, na mwaka wa 1987 ikawa chuo kikuu cha taifa.

Sasa nirudi kwa mzazi yule na ng'ombe wake. Jibu langu ni hili. Kama wataka mtoto asome ili asiguse tena udongo, usiuze ng'ombe kwa ajili ya chuo cha kilimo, maana utapoteza ng'ombe na mtoto pia. Lakini kama amekubali kwamba atakachojifunza kitarudi shambani, basi mlipie.

Wala usingoje amalize. Akija likizo, mpimie robo eka. Mwambie: "Hapa ni pako. Panda kama ulivyofundishwa, nami nitapanda robo eka ya pili kama nilivyozoea. Wakati wa mavuno tutapima magunia." Akikushinda, jifunze kwake bila haya. Ukimshinda, mweleze kwa upole alipokosea, naye arudi chuoni na swali la kumwuliza mwalimu wake. Hapo utakuwa umefanya kazi ile ile ya gari la Jesup, na hukuhitaji hata nyumbu.

Na Bwana Shamba akija katika kijiji chako, usimwachie maneno yote. Mwonyeshe mahindi yaliyonyauka. Mwambie bei ya mbolea imekushinda. Mwulize kwa nini ushauri wa mwaka jana haukufaa katika udongo wako. Chuo hakisifiwi kwa majengo yake. Tuskegee ilianza katika banda la kuku. Sifa yake ililetwa na wanafunzi waliorudi mashambani, na na wakulima waliowapokea, wakawauliza, na walipoona faida wakatoa mchango wao.