Ugonjwa Unaoanzia Katika Gunia la Chakula cha Kuku

Mtu anapoharisha baada ya kula kuku au mayai, lawama huangukia jiko na mikono ya mpishi. Ni nadra mtu kuuliza kuku huyo alilishwa nini. Hata hivyo, bakteria waitwao salmonela huweza kuanza safari yao ndani ya gunia la chakula cha kuku.

Chakula hicho huchanganywa kwa mahindi, pumba, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya na dagaa. Dagaa wakianikwa mchangani hudondoshewa kinyesi na ndege. Ghalani, panya huchafua magunia. Salmonela hawazaliani penye ukavu, lakini huweza kuishi humo kwa miezi mingi. Kuku aliyeambukizwa mara nyingi haonyeshi dalili, ilhali hutoa bakteria katika kinyesi chake. Baadhi ya aina huingia ndani ya yai kabla gamba halijaumbika.

Mwaka 1972, watu waliugua katika mji wa Paragould, jimbo la Arkansas, Marekani, kutokana na aina iitwayo Agona. Uchunguzi ulifuata nyayo zake hadi kwenye shamba la kuku la jimbo la Mississippi, lililotumia unga wa samaki kutoka Peru. Aina hiyo, iliyokuwa nadra, ilienea miaka hiyo hadi Uingereza na Uholanzi.

Ugonjwa huu usichanganywe na homa ya matumbo. Bakteria wa homa ya matumbo huishi kwa binadamu pekee, kuku hawana. Salmonela wa kuku huleta homa, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuharisha, na wagonjwa wengi hupona kwa siku chache kwa kurudishiwa maji na chumvi mwilini, bila antibiotiki. Walio hatarini ni watoto wachanga, wazee, wenye selimundu na wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, kwani bakteria huweza kuingia katika damu yao. Homa isiyokoma, damu katika kinyesi au dalili za upungufu wa maji humlazimu mgonjwa kufika kituo cha afya bila kuchelewa.

Joto huua salmonela. Chakula cha vidonge hupitishwa katika mvuke kiwandani, lakini huweza kuchafuka tena kinapopoa au kinapohifadhiwa vibaya. Chakula cha unga kinachochanganywa bila kupashwa moto hakina kinga hiyo. Mfugaji hana budi kuchagua dagaa walioanikwa juu ya chanja, kuinua magunia kutoka sakafuni, kuzuia panya na kutupa chakula kilicholowana. Kuchanganya antibiotiki katika chakula si mbadala wa usafi, kwani huzalisha bakteria sugu watakaomshinda daktari kesho.

Jikoni, nyama iive hadi ndani na yai ligande. Na mhudumu wa afya anayekutana na wagonjwa kadhaa wa kuharisha katika kaya za wafugaji asiishie kuuliza walikula nini. Aulize pia kuku wao walikula nini.