Njia mbili zilimshinda fisi: Je, Kiswahili kinaweza kumwachia msomaji aamue?

Methali ya njia mbili kumshinda fisi ina kisa nyuma yake. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama ikitoka pande zote mbili, akashindwa kuchagua. Akaweka miguu ya kulia huku na ya kushoto kule, akaendelea kutembea hivyo hivyo hadi akapasuka msamba. Tuliosimuliwa kisa hiki utotoni tulimcheka fisi kisha tukalala. Hakuna aliyetuuliza: ungekuwa wewe, ungeshika njia ipi?

Siku hizi kuna hadithi zinazouliza swali hilo, tena zinawauliza watu wazima kuhusu mambo ya mapenzi.

Juzi nilipanda matatu Rongo nikielekea Homa Bay. Kando yangu aliketi mwalimu kijana aliyekuwa akishukia Asumbi. Macho yake hayakubanduka kwenye simu.

"Nyara, unasoma nini hicho kinakufanya ucheke peke yako?" nikamuuliza.

"Si kusoma tu, Japuonj. Ni stori ya mapenzi, lakini hapa mimi ndiye naamua."

Akanionyesha. Mistari minne ya Kiingereza, na chini yake sehemu mbili za kubonyeza: mwambie ukweli, au nyamaza. Akibonyeza moja, hadithi inashika njia yake. Angebonyeza nyingine, ingekuwa hadithi tofauti. Nikamuuliza kama amewahi kuona ya Kiswahili. Akafikiri kidogo.

"Sijaona. Lakini kwa Kiswahili si itakuwa kama paper three?"

Tulicheka sote wawili, gari likasimama, akashuka. Kwa msomaji asiyejua, hiyo ni karatasi ya fasihi katika mtihani wa KCSE. Jibu lake halijanitoka akilini. Mtu mzima, mwalimu, anayekijua Kiswahili vizuri, lakini hawezi kukiwazia kama lugha ya kujiburudisha nayo akiwa safarini. Nadhani anakidhulumu Kiswahili, na makala haya ni jibu ambalo sikuwahi kumpa.

Kwanza, tuielewe hadithi yenyewe. Wengi huihusisha na vitabu vya watoto vya Marekani vilivyoitwa Choose Your Own Adventure, ambavyo kampuni ya Bantam ilianza kuvichapisha mwaka wa 1979. Humo msomaji huitwa "wewe", na kila baada ya kurasa chache anaambiwa: ukitaka hili nenda ukurasa fulani, ukitaka lile nenda ukurasa mwingine. Lakini karibu miaka 50 kabla ya hapo, mwaka wa 1930, wanawake wawili wa Marekani, Doris Webster na Mary Alden Hopkins, walichapisha Consider the Consequences!, mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa vya aina hii. Kilikuwa kitabu cha watu wazima na mada yake ilikuwa uchumba. Msichana aitwaye Helen ana wanaume wawili wanaomtaka, Jed na Saunders, na msomaji ndiye anayeamua Helen afanye nini. Baada ya hapo kitabu kinawageukia wanaume hao, kila mmoja na njia panda zake. Kwa hivyo hadithi za mapenzi hazikuingia katika mchezo huu jana kupitia simu. Zilikuwemo tangu mwanzo.

Kuziandika si rahisi kama inavyoonekana. Tuseme hadithi ina mahali 10 pa kuchagua, na kila pahali pana njia mbili. Kama kila njia ingeachwa ijiendee kivyake bila kukutana tena na nyingine, mwandishi angelazimika kuandika miisho 1,024. Hakuna mwenye muda huo. Kwa hivyo waandishi huacha matawi yatengane kidogo, kisha wanayaunganisha tena, kama vijia viwili vya shambani vinavyokutana kisimani. Katika simu na kompyuta kuna jambo la ziada ambalo kitabu cha karatasi hakiliwezi kwa urahisi: programu inakumbuka. Ukimdanganya mtu katika sura ya kwanza, sura ya sita inaweza kukukumbusha.

Sasa turudi nyumbani. Je, jambo hili ni geni kwetu? Wanafunzi wa fasihi simulizi wanazijua ngano za mtanziko, yaani hadithi ambazo fanani huzikatiza penye ugumu na kuiachia hadhira hukumu. Maarufu zaidi pengine ni ile ya vijana watatu wanaompenda msichana mmoja. Wa kwanza ana kioo kinachoonyesha mambo ya mbali, wa pili ana zulia linaloruka, wa tatu ana dawa ya kuponya. Wakiwa ugenini, kioo kinawaonyesha msichana akiwa taabani kwa ugonjwa, zulia linawafikisha, dawa inamponya. Je, nani amwoe? Kisa hiki kinasimuliwa kwa sura mbalimbali sehemu nyingi za Afrika, na ndugu yake wa karibu hupatikana katika hadithi za Alfu Lela U Lela. Kila kikisimuliwa, ubishi huwa mkali. Wa kioo ana watetezi wake, na wa dawa ana wake.

Miongoni mwa Waluo, sehemu kubwa ya kazi hii ilifanyika siwindhe, nyumba ya bikizee aliyeitwa pim, ambamo wasichana walilala. Humo walisimuliwa sigana, yaani ngano, na kufundwa kuhusu uchumba, ndoa na tabia njema. Kwa hivyo wazo kwamba hadithi ya mapenzi ni chombo cha kumfunza mtu kuchagua halihitaji kuletwa kwetu na ndege.

Hata hivyo, hebu itazame tena ile ngano ya vijana watatu. Hadhira nzima inabishana kuhusu nani astahili kumpata msichana. Je, msichana mwenyewe aliulizwa? Hakuulizwa. Amepona, ameketi pale, watu wazima wanamgawa kama zawadi ya mashindano. Nimeifundisha ngano hii kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hata mimi sikuuliza swali hilo. Hapa ndipo hadithi hizi mpya zinapoleta jambo jipya hasa. Kubonyeza ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba anayeulizwa sasa ndiye yule msichana, naye anaitwa "wewe".

Je, Kiswahili kina sarufi ya kuibeba hadithi kama hiyo? Naomba msomaji apitie kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya yule mwalimu wa Asumbi:

Umeshuka Asumbi jua likizama. Mtu uliyemsubiri miaka miwili amesimama chini ya mti, begi mkononi. Anakutazama, anatabasamu, kisha anakwambia, "Nimepata kazi Doha. Naondoka Jumapili. Twende wote." Ukikubali, nenda sehemu ya 2. Ukitaka kujua kwanza kwa nini hakukwambia mapema, nenda sehemu ya 3. Usipotaka kusikia zaidi, panda gari linalofuata, sehemu ya 4.

Tutazame kilichotendeka. Milango yote mitatu imefunguliwa na viambishi viwili tu, -ki- na -sipo-. Kiswahili hakihitaji hata neno "kama" hapo. Sharti limo ndani ya kitenzi chenyewe.

Baada ya hapo kuna -nge- na -ngali-, ndugu wawili ambao wengi wetu huwachanganya mitaani na hata redioni. Sarufi sanifu inatufunza kwamba -nge- huacha mlango wazi: jambo halijatokea, lakini huenda likatokea. Kwa upande mwingine, -ngali- hufunga mlango: nafasi imepita. Katika mazungumzo ya kawaida kosa hili halimuumizi mtu. Katika hadithi ya kuchagua linaharibu kila kitu. Sehemu ya 3 inaweza kumuuliza msomaji, "Angekuomba umngoje mwaka mmoja, ungemwambia nini?" Mlango uko wazi; anaweza kujibu. Sehemu ya 4, gari likishafika mbali, inaweza kumwambia, "Ungalimuuliza, ungalijua kwamba barua ya kazi ilimfikia jana tu." Hapo hakuna cha kubonyeza. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo katika Kiswahili anaitwa -ngali-. Miaka yote ambayo nimefundisha viambishi hivi, sijapata mfano unaoonyesha tofauti yake vizuri kuliko huu.

Jambo la tatu ni jinsia. Soma tena kile kipande. Je, aliyesimama chini ya mti ni mwanamume au mwanamke? Na wewe uliyeshuka garini? Hakuna neno linalosema. Kiingereza hulazimisha nafsi ya tatu iwe ya kike au ya kiume, na ndiyo maana hadithi nyingi za aina hii humuuliza msomaji mapema kabisa jinsia ya wahusika. Kiswahili kina a- moja inayotutosha sote. Dholuo nacho ni hivyo hivyo. "En" ni yeye, awe nani. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kwenda mbali sana kabla ya kufichua siri hiyo. Ila ajihadhari na majina. Akimwita mhusika Otieno au Atieno, herufi moja tu inamaliza fumbo.

Kuna kitenzi kimoja kinachokataa kuficha siri: kuoa. Mwanamume anaoa; mwanamke anaolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Hatuwezi kusingizia kwamba hili ni suala la viambishi tu, kwa maana ni mtazamo ule ule wa ngano ya vijana watatu uliojificha ndani ya kauli ya kutendwa. Hadithi inayomtaja msichana kama "wewe", ikampa njia tatu, kisha ikahitimisha kwa "ukaolewa", imempokonya mwishoni uhuru iliompa mwanzoni. Bahati nzuri lugha yenyewe ina dawa. Kauli ya kutendana ipo: mkaoana. Mwandishi makini ataipima tofauti hiyo kabla ya kuandika mwisho wake.

Wapo watakaouliza kuhusu adabu. Hadithi za mapenzi za watu wazima, Profesa, si zitatuletea matusi? Kiswahili hakijawahi kukosa namna ya kusema mambo ya chumbani kwa watu wazima bila kuwafanya wainamishe nyuso. Taarab imefanya hivyo kwa mafumbo, maandishi ya kanga yamefanya hivyo kwa maneno machache, na tafsida tunaifunza darasani. Isitoshe, hadithi inayolazimika kuuliza "unakubali?" kabla ya kuendelea ina adabu kuliko nyingi tulizozizoea, ambamo mwanamke hukataa mara tatu na mwanamume anasifiwa kwa kutosikia.

Hofu yangu iko kwingine. Yule mwalimu aliniambia jambo moja kabla ya kushuka: "Nikitaka kutoka naye jioni nalipia almasi. Kubaki nyumbani ni bure." Ndivyo zilivyo programu nyingi za biashara hii. Njia ya kawaida hutolewa bure, na njia tamu huuzwa kwa almasi au vito vinavyonunuliwa kwa pesa halisi. Msomaji anaambiwa anaamua, kumbe mfuko ndio unaoamua. Hadithi za Kiswahili zikiandikwa na wenye biashara hiyo pekee, tutapata lugha yetu lakini hatutapata uhuru tunaouzungumzia.

Njia nyingine ipo, na haigharimu chochote. Mwaka wa 2009, Chris Klimas wa Marekani alitoa programu ya bure iitwayo Twine. Mwandishi hahitaji kujua uandishi wa programu. Anaandika kila sehemu katika kisanduku chake, akitaka kuiunganisha na nyingine anaweka jina lake ndani ya mabano mraba mawili, na mchoro wa njia zote unajitokeza kwenye skrini. Kazi ikikamilika inakuwa faili moja inayofunguka kwenye simu kama ukurasa wa intaneti, hata bila data. Inaweza kutumwa kutoka Asumbi hadi Kendu Bay kama picha ya arusi.

Tunahitaji pia istilahi. Wengine wanapendelea "hadithi shirikishi", lakini hadithi simulizi zote ni shirikishi. Anayeitikia "pakawa" tayari anashiriki. Mimi napendekeza "hadithi ya njia panda". Mahali pa kuchagua paitwe "mtanziko", kwa kuwa neno tunalo. Kila njia iwe "tawi", na hadithi moja iwe na "miisho", kwa wingi, bila kuona haya. Hadithi nzima yenye matawi yanayotengana na kukutana tunaweza kuiita "mzingile", neno alilolitumia Euphrase Kezilahabi kama anwani ya riwaya yake ya mwaka wa 1991. Mwenye istilahi bora na ailete tuijadili.

Fisi alishindwa kwa sababu alitaka njia zote mbili kwa wakati mmoja. Msomaji wa hadithi ya njia panda ana bahati asiyokuwa nayo fisi: akifika mwisho asioupenda, anarudi pale penye mtanziko na kujaribu njia nyingine. Katika mapenzi ya kweli hakuna kurudi, na hiyo ndiyo sababu ya kujizoeza hadithini kwanza. Nami ningependa yule mwalimu, siku nyingine akiwa kwenye matatu ya Rongo, ajizoeze kwa Kiswahili, acheke peke yake, na asikumbuke mtihani wowote.