Sahani Tatu za Stockholm

Sogeeni karibu, wanangu. Mmeniuliza kama kweli kijana asiyekunywa unga wa protini hawezi kupata misuli, na kama ni lazima kunywa glasi nane za maji kila siku. Majibu ninayo, lakini yanapitia Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na yanaanza siku moja ya joto kali.

Tarehe 14 Julai 1912, Stockholm ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, na siku hiyo ilipangiwa marathoni. Wenyeji wenyewe walikuwa wanatafuta kivuli, kwa maana joto lilifika nyuzi 30 na kitu. Wakimbiaji 68 walitoka kwenye uwanja wa matofali ambao ungali unatumika hadi leo, wakaelekea kaskazini mpaka kanisa la Sollentuna, hapo wageuke warudi. Karibu nusu yao hawakumaliza.

Mmoja wa hao alikuwa Francisco Lázaro, seremala kutoka Lisbon, Ureno. Aliliogopa jua, akajipaka nta mwilini lisimchome. Sikilizeni vizuri hapa. Jasho halikupoozi kwa kutoka tu. Linakupooza pale linapokauka juu ya ngozi, kwa sababu likigeuka mvuke huondoka na joto lako. Ukiiziba ngozi, joto hubaki ndani na kuzidi kupanda. Lázaro alianguka akiwa karibu na kilomita ya 30, na kesho yake akafariki hospitalini. Hakuna mwanamichezo aliyewahi kufa kwa namna hiyo katika Olimpiki za zama hizi kabla yake. Kila nikifika kwenye jina lake nasimama kidogo, maana alikuwa kijana, na alichofanya alikifanya kwa kudhani anajilinda.

Mwingine alikuwa Mjapani, Shizo Kanakuri. Joto lilimlemea huko Sollentuna, akaingia kwenye bustani ya watu, wakampa kinywaji, akapumzika. Kisha akarudi kwao Japani bila kuwaarifu waandaaji. Mwaka 1967 Waswidi wakamwalika amalizie mbio zake. Alikuja akiwa mzee wa miaka 75, akakata utepe, na muda wake ukatangazwa: miaka 54, miezi minane, siku sita na saa zake.

Walioongoza walikuwa wawili kutoka Afrika Kusini, Ken McArthur na Christian Gitsham. Inasimuliwa kwamba Gitsham alisimama kunywa maji akitegemea mwenzake atamngoja, lakini McArthur akaendelea na kushinda kwa tofauti isiyofika dakika moja. Sasa fikirini kijana wa wakati ule akisikia habari hiyo. Aliyekunywa ameshindwa, asiyekunywa ameshinda! Zama zile wakimbiaji wengi waliamini kwamba maji njiani humtia mtu uzito na uvivu, na mpaka leo wapo makocha wanaowanyima watoto chupa ya maji hadi mazoezi yaishe. Hilo ni kosa, na ni la hatari.

Aliyelipima jambo hili kwa makini alikuwa kijana wa Stockholm, Bengt Saltin. Alifanya utafiti kwenye chuo cha mazoezi ya viungo kilicho jirani na uwanja uleule wa 1912. Miaka ya mwanzo ya 1960 aliwaketisha watu ndani ya sauna, kile chumba cha joto kali wanachokipenda sana Waswidi, watoke jasho mpaka uzito upungue. Kisha akawapandisha baiskeli ya kupimia. Mapafu na moyo vilikuwa bado na uwezo wa kuleta hewa karibu kama kawaida, lakini watu walichoka mapema. Walikuwa wepesi kwenye mizani na dhaifu kwenye kazi.

Kwa hiyo ukimwona mtu anakimbia amejifunga nailoni tumboni ili "akate mafuta", mwambie kwa upole kwamba anachokata ni maji. Akinywa, uzito unarudi. Mafuta ya mwilini hayatoki kwa jasho. Yanapungua pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko iliyoingia kwa chakula, siku baada ya siku.

Na zile glasi nane? Mwaka 1945 bodi moja ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku, na papo hapo ikaongeza kwamba sehemu kubwa imo tayari ndani ya chakula. Watu wakaishika nusu ya kwanza, ya pili wakaiacha. Uji una maji, mchuzi una maji, chungwa, tikiti na ndizi vina maji, chai nayo huhesabiwa. Mtoto mwenye afya anayekunywa akisikia kiu, na kuongeza kabla na baada ya mchezo siku ya jua, yuko salama. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili nzuri. Ukikolea rangi, kunywa.

Kuzidisha nako kunaua. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 wana chumvi pungufu kuliko inavyotakiwa. Wengi wa hao walikuwa wamekunywa kiasi cha kumaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Chumvi ikipungua sana katika damu, maji huingia kwenye chembe za ubongo zikavimba. Usishindane na mtu kunywa maji, hata kwa mchezo.

Sasa protini. Jina lenyewe lilipendekezwa Stockholm mwaka 1838 na mkemia Jöns Jacob Berzelius, katika barua aliyomwandikia mwenzake wa Uholanzi, Gerrit Jan Mulder. Alilichukua kwenye Kigiriki, kwa maana ya kitu kilicho mbele ya vyote. Muda si mrefu mwanakemia maarufu wa Ujerumani, Justus von Liebig, akafundisha kwamba msuli ukifanya kazi unaichoma protini yake wenyewe, kwa hiyo mtu wa kazi nzito ale nyama kwa wingi. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Fick na Wislicenus, walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi wakiwa wamekula wanga na mafuta tu, bila protini, wakapima mkojo wao. Protini iliyotumika mwilini ilikuwa kidogo mno kuweza kuwafikisha kileleni. Liebig alikuwa amekosea, lakini fundisho lake bado linauzwa madukani ndani ya makopo.

Msuli unaunguza nini basi? Hapa ndipo Stockholm ilipotoa jibu ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1962 daktari Jonas Bergström alianza kutumia sindano nene yenye kutoa kipande kidogo sana cha msuli wa paja kwa mtu aliye macho. Kwa mara ya kwanza ikawa rahisi kuchungulia ndani ya msuli kabla na baada ya kazi. Yeye na mwenzake Eric Hultman hawakutafuta wa kujaribiwa mbali, walijijaribu wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja, mguu wa pili umepumzika, mpaka wakachoka kabisa. Kisha siku tatu wakala chakula chenye wanga mwingi. Katika mguu uliofanya kazi, akiba ya wanga, ambayo wataalamu huiita glaikojeni, ilipanda mpaka kupita maradufu ya ile ya mguu uliopumzika. Mwili mmoja, chakula kimoja, lakini msuli uliochoka ndio uliojaza ghala lake.

Mwaka 1967 wakaja na sahani tatu, Saltin akiwa mmoja wa watafiti. Watu walewale walikula vyakula vya namna tatu kwa zamu, na kila mara wakapandishwa baiskeli kwa kazi ileile mpaka washindwe. Baada ya chakula cha kawaida walidumu, kwa wastani, dakika 114. Baada ya chakula cha wanga mwingi walidumu dakika 167. Na baada ya sahani ya nyama na mafuta, ile inayoonekana kuwa ya mashujaa, walidumu dakika 57 tu.

Saltin hakuishia Uswidi. Baadaye alifika Kenya na wenzake kuwapima vijana na wakimbiaji, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Watafiti wengine wakafuata kutazama sahani zao. Kwa vijana wa Kikalenjin waliopimwa katika utafiti wa 2002, karibu asilimia 70 ya nishati ilitoka kwenye wanga, na mahindi na maharage ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya chakula. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake waliwapima wakimbiaji wakubwa wa Kenya, wakakuta protini ni kama asilimia 10 tu ya nishati yao, na ilitosha.

Msinielewe vibaya. Protini ni tofali la mwili. Inajenga msuli, inatengeneza damu, inaponya kidonda, na mtoto anayeikosa hudumaa. Ninachokataa ni uvumi kwamba lazima inunuliwe kwa bei ghali. Kijana wa kilo 50 anayekua anahitaji kama gramu 45 kwa siku, na anayefanya mazoezi makali huongeza kiasi. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na unga wa ugali wa gramu 200 unaleta takriban 16. Tayari tumepita 45, na dagaa hatujawagusa. Mahindi yana upungufu wa kiungo kimoja cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi, nayo maharage yanapopungukiwa, mahindi husaidia, ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko anavyodhani mtu anayeyaonea haya. Wala protini ikizidi haigeuki msuli yenyewe. Msuli hukua kwa kufanyishwa kazi, kisha kulishwa, kisha kulala usingizi wa kutosha.

Wale wakimbiaji wa Onywera walikunywa maji, na pia chai ya maziwa yenye sukari, kila siku. Wapo watakaowaambia chai inakausha mwili. Kwa aliyeizoea, kikombe cha chai kinaongeza maji mwilini kuliko kinavyotoa. Na kikinywewa mara baada ya mbio za asubuhi kinafika wakati mzuri, kwa sababu saa chache za kwanza baada ya kazi ndizo msuli unapovuta sukari kwa kasi zaidi, maziwa nayo yanaleta protini ya kukarabati. Kwa aliyekimbia mpaka akachoka, chai hiyo na kipande cha kiazi kitamu ni mwanzo mzuri kabla chakula cha mchana hakijaiva.