Dhana ya "Kinga" na Maelezo ya Uvimbe wa Mapafu Utokanao na Protini Zivutwazo kwa Pumzi

Makala hii inakusudia kueleza namna seli za kinga zinavyosababisha uvimbe wa njia za hewa pindi mtu avutapo protini zilizomo katika vumbi, na papo hapo kuonyesha ni wapi istilahi za Kiswahili huyasaidia maelezo hayo na ni wapi huyapotosha. Mfano unaotumika ni pumu isababishwayo na utitiri wa vumbi.

Neno kinga, kwa maana yake ya kitabibu, limewafikia wasemaji wengi kupitia kifupisho UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa sababu hiyo kinga hufikiriwa kuwa kitu chenye kiasi: hupanda, hushuka, na kushuka kwake ndiko maradhi. Katika pumu ya mzio hali sivyo ilivyo. Kinga haikupungua, imeelekezwa pasipostahili.

Utitiri wa vumbi, ambao R. Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, waliuhusisha na mzio wa vumbi la nyumbani mwaka 1964, una urefu wa takribani thuluthi moja ya milimita. Huishi kwenye magodoro na mito, na hula magamba ya ngozi ya binadamu. Kinachodhuru zaidi si mdudu mwenyewe bali kinyesi chake, ambacho ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho Der p 1. Kimeng'enya hicho ni protini yenye uwezo wa kukata protini nyingine. Kinapotua katika njia za hewa hukata viungo vinavyozishikamanisha seli za utando. Seli zilizojeruhiwa hutoa viashiria vya hatari, kikiwamo interleukini-33. Ndipo seli dendriti, zenye matawi mithili ya mti (na hiyo ndiyo asili ya jina lao katika Kigiriki), huikamata protini, huivunja vipande, na kusafiri navyo hadi kwenye tezi za limfu. Huko huvionyesha kwa limfositi T.

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Mtu asiye na mzio huvuta protini ileile, lakini limfositi T zake ama hazijibu, ama hujibu kwa kutuliza. Kwa mwenye mzio, limfositi T saidizi huwa za aina ya pili, nazo hutoa interleukini-4, interleukini-5 na interleukini-13. Ya kwanza huzielekeza limfositi B zitengeneze kingamwili IgE, ambayo ilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na pia na Johansson na Bennich huko Sweden. IgE hujibandika kwenye seli masti, na hadi hatua hii mtu hajisikii vibaya hata kidogo. Anapoivuta protini tena, IgE hizo huinasa, na katika dakika chache seli masti humwaga histamini na lukotrieni: misuli ya njia za hewa hukaza na kifua hubana. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili. Eosinofili, ambazo interleukini-5 huchochea utengenezaji wake katika uboho, huingia mapafuni na kumwaga protini zenye sumu zinazouumiza utando, huku interleukini-13 ikiongeza ute.

Majina ya seli hizi nayo yana visa vyake. Paul Ehrlich alipoziita seli masti mwaka 1878, alitumia neno la Kijerumani lihusulo kunenepesha, akidhani kwamba chembe zilizojaa ndani yake ni ishara ya kulishwa vizuri. Dhana ilikufa, jina likabaki.

Neno uvimbe lina tatizo zito zaidi. Waroma wa kale walitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, Kiswahili kimechukua moja tu, na neno hilohilo hutumika kwa saratani. Mgonjwa aambiwaye ana "uvimbe mapafuni" ana haki ya kuogopa. Kichomi, kitokanacho na kuchoma, kingeikaribia zaidi dhana ya mwako, lakini kimekwisha kufungamanishwa na nimonia.

Athari ya jambo hili huonekana katika tiba. Dawa ya kutanua njia za hewa huleta nafuu mara moja. Kotikosteroidi ya kuvuta huutuliza uvimbe taratibu, nayo huhitaji kutumiwa kila siku hata pumzi ikiwa shwari. Anayeamini kwamba maradhi ni kushuka kwa kinga hataona sababu ya kuendelea na dawa inayoizuia kinga, wala hataelewa mepolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ambayo kazi yake ni kuifunga interleukini-5. Kumwambia kwamba seli nyeupe ni "askari wa mwili" hakusaidii, kwani askari humtaka adui, na protini ya utitiri si adui.

Mzio ni neno lifaalo zaidi kuanzia. Kabla ya kuwa istilahi ya kitabibu lilitaja kitu, hasa chakula, ambacho mtu fulani amekatazwa kwa kuwa humdhuru yeye au kwa mila ya ukoo wake, ilhali jirani yake hukila bila taabu.