Nchi Jirani: Dishi na Intaneti Zashindania Watazamaji wa Kenya na Uganda

Mwezi Januari 1996 ungeliwashangaza Wakenya na Waganda kuambiwa kwamba miaka ishirini baadaye, yaani Januari 2016, kampuni ya Marekani iitwayo Netflix ingewafikishia sinema majumbani kwa njia ya intaneti. Ilipofanya hivyo, wengi walitabiri kwamba zama za dishi na king'amuzi zimekwisha. Utabiri huo haujatimia, na sababu yake yapasa ieleweke.

Satelaiti ya televisheni imetulia angani kilomita 35,786 juu ya ikweta. Matangazo yake hurushwa mara moja tu, na kila dishi lililo chini yake huyapokea, liwe moja au milioni moja. Kituo cha polisi cha Lodwar hakimwongezei mrushaji hata senti. Intaneti haiendi hivyo. Aghalabu kila mtazamaji hupelekewa nakala yake peke yake, na gharama ya njia humwangukia yeye. Netflix yenyewe hueleza kuwa saa moja ya picha safi yaweza kutumia hadi gigabaiti 3. Mkazi wa Nairobi mwenye waya wa kulipia kwa mwezi hajali. Askari aliye Karamoja, anayenunua kifurushi cha simu, hana budi kujali. Septemba 2021 kampuni hiyo iliwapa Wakenya huduma ya bure katika simu, ikaiondoa Novemba 2023. Bure ile, kwa kweli, haikulipia kifurushi.

Hata hivyo dishi nalo halina raha. MultiChoice, wenye DStv, walibakiwa na wateja milioni 14.5 barani Afrika ilipofika Machi 2025, pungufu ya milioni 1.2 katika mwaka mmoja. Ugumu wa maisha na uharamia vilichangia, na intaneti pia. Septemba mwaka huo kampuni ikaangukia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa.

Kwa wanaolinda usalama, lipo jambo zito kuliko bei. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Januari 2021 Serikali ya Uganda ilifunga intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Katika mikasa yote miwili, mwenye antena au dishi hakuihitaji njia hiyo ili apate habari.

Tangu Julai 2023 Starlink imeleta Kenya intaneti ya satelaiti zipitazo chini zaidi, yapata kilomita 550. Hapo dishi na intaneti vimekuwa kitu kimoja, lakini hesabu ya kila mtu na fungu lake imebaki ile ile: Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa.