Balbu ya Chumba cha Kushonea: Usiulize Wati Peke Yake

Kofia ya vito haishonwi kwa papara. Ni kazi ya wiki nyingi, tundu baada ya tundu, na mara nyingi ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Wengi wanaoifanya huishika usiku, watoto wakishalala. Lakini mtu atachagua uzi kwa makini, kisha balbu achukue yoyote ya bei nafuu. Kwangu mimi, taa ni chombo cha kazi kama sindano.

Dukani swali huwa moja: "Wati ngapi?" Wati ni kipimo cha stima inayoliwa. Mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na kwenye boksi huandikwa lm. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama lumeni 800. Ya LED hutoa hizo hizo kwa wati 9 hivi. Ukiwasha saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya zamani itakula yuniti 9 za tokeni, ya LED haifiki moja na nusu. Tena ya zamani hugeuza sehemu kubwa ya stima kuwa joto, na joto la kaskazi twalijua.

Pili, tazama namba yenye herufi K, inayoonyesha rangi ya mwanga. 2700K ni manjano, mwanga mtulivu wa sebuleni. 6500K ni mweupe unaoelekea buluu. Kwa kushona mimi huchagua 4000K, ulio katikati. Chini ya mwanga wa manjano, uzi mweupe na uzi wa rangi ya maziwa hukaribia kufanana. Asubuhi ndipo utaona umechanganya.

Tatu, na hili wengi hawaliulizi, ni CRI au Ra: uwezo wa taa kuonyesha rangi ilivyo. Mwanga wa jua ni 100. Balbu nyingi za LED ni 80 hivi, na chini yake wekundu hufifia. Kwa anayelinganisha nyuzi au leso, 90 kwenda juu ndiyo ya kutafuta. Kama boksi halisemi, beba nyuzi mbili zinazokaribiana rangi, zitazame chini ya balbu ikiwa imewashwa, kisha toka nazo juani.

Nne, mahali pa taa. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini hutaka laksi 750 kwa kushona, yaani lumeni 750 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye balbu moja ya lumeni 800 darini hakipati hata laksi 90 kwa wastani, na kichwa chako mwenyewe kinatia kivuli. Dawa si balbu kubwa darini bali taa ya pili mezani. Ukiisogeza karibu kwa nusu ya umbali, mwanga juu ya kitambaa huwa kama mara nne. Iweke kushoto ukishonea mkono wa kulia, na ifunikwe isikupige machoni.

Mwisho, elekeza kamera ya simu kwenye balbu. Ukiona mistari inapita, huenda balbu inapepesa upesi kuliko jicho linavyotambua, na hiyo huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Mafundi wetu wengi wa kofia ni watu wazima. Wafanyabiashara wanaowapelekea kitambaa na uzi, naona taa nayo iingie katika hesabu hiyo. Macho yakiisha, kofia nzuri itashonwa na nani?