Kompyuta ya Kuhariri Picha za Angani: Mfuko Mdogo Waweza Kutosha

Tangu mwezi wa Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zilipoanza kurushwa kutoka Muhanga kupeleka damu katika hospitali za wilayani, wananchi wa Rwanda wamezizoea kama walivyozoea pikipiki barabarani. Mwaka 2018 kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza, upande wa mashariki. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, Polisi ya Taifa ilizitumia kuwatangazia watu masharti ya kukaa nyumbani. Siku hizi mlio wake, unaofanana na wa nyuki, husikika pia katika sherehe za harusi mjini Kigali, droni ndogo yenye kamera ikielea juu ya mahema na wageni.

Kazi hiyo ya kupiga picha kutoka angani imewafungulia vijana wengi mlango wa riziki. Lakini kurusha droni ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili hufanyika nyumbani, mbele ya kompyuta, ambako picha hukatwa, hupangwa, hurekebishwa rangi na kutiwa muziki. Hapo ndipo akiba ya familia iwezapo kupotea bure.

Msomaji na aifikirie nyumba ya koplo mmoja huko Kicukiro. Baba yuko kazini mbali na mji. Mama anaendesha nyumba kwa mshahara wa mumewe na faida ya duka dogo. Kijana wao amekwisha kupata droni na kibali, na harusi tatu zimeahidiwa kwa miezi ya kiangazi. Sasa anaomba kompyuta. Katika duka moja anaonyeshwa mashine yenye taa za rangi chini ya vitufe, ambayo bei yake yaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Katika duka la jirani anaonyeshwa nyingine ya bei ya kutupa. Mama anauliza: ipi inafaa? Huenda jibu likawa si hii wala si ile.

KWA NINI PICHA HIZI NI NZITO

Droni nyingi za siku hizi hupiga picha za kiwango kiitwacho 4K. Maana yake ni kwamba kila picha moja ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 8. Hiyo ni mara 4 ya picha ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Na katika kila sekunde moja hupita picha 25 au 30.

Droni inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 15 katika dakika 20 tu, na huo ndio muda wa kuruka kwa betri moja au karibu yake. Harusi moja yenye betri 3 huleta nyumbani gigabaiti 45.

Uzito si ukubwa pekee. Ili picha hizo zienee katika kadi, droni huzifinyanga kwa njia ziitwazo H.264 na H.265. Kazi yake yaweza kulinganishwa na barua za mke anayemwandikia mumewe aliye katika ulinzi wa amani nchi ya mbali. Barua ya kwanza humweleza nyumba yote; zile zinazofuata humweleza yaliyobadilika tu. Akipotewa na barua ya kwanza, zilizobaki hazimwelei. Kompyuta nayo, kila mhariri anapotaka kuona picha ya katikati, hulazimika kurudi kwenye picha kamili iliyotangulia na kujumlisha mabadiliko yote hadi pale. Njia ya H.265 hubana zaidi kuliko H.264, na kwa hiyo hudai jasho zaidi wakati wa kufungua. Ndiyo sababu kompyuta inayoandika barua na kufanya hesabu bila tabu huweza kugandaganda mara inapopewa picha za angani.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

La kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Jina la i5 au i7 peke yake halitoshi. Yafaa kutazama tarakimu zinazofuata. Prosesa ya Intel iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na ile ya i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Prosesa hizi zina sehemu maalumu ndani yake ya kufungua picha za H.264 na H.265, hivyo ubongo wenyewe hupumzika. Kijana anayeambiwa kwamba i7 ya zamani ni bora kuliko i5 mpya ajue kwamba kwa kazi hii mara nyingi ni kinyume chake.

La pili ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Gigabaiti 8 ni za kuanzia na kuvumilia. Gigabaiti 16 ndizo za kufanyia kazi kwa utulivu. Iulizwe pia kama mashine yaweza kuongezewa baadaye. Nyingine, hasa zile nyembamba sana, kumbukumbu yake imechomelewa moja kwa moja na haiongezeki kamwe.

La tatu ni diski. Diski ya SSD, ambayo haina sahani izungukayo ndani, husoma kwa kasi inayopita mara nyingi ile ya diski ya kizamani. Programu na harusi inayohaririwa zikae humo. Ukubwa wa gigabaiti 512 wafaa; gigabaiti 256 hujaa upesi, maana mfumo wa kompyuta wenyewe huchukua sehemu kubwa kabla harusi ya kwanza haijaingia.

La nne ni kioo. Kiwe cha nukta 1920 kwa 1080, nacho kisibadilike rangi mtu anapokitazama kutoka pembeni. Mhariri asiyeona rangi sawasawa atampelekea bibi harusi gauni la samawati badala ya jeupe.

Kadi ya picha ya pekee ni msaada mzuri, hasa kwa kurekebisha rangi, lakini si sharti la kuanzia. Taa za rangi chini ya vitufe hazina kazi yoyote katika uhariri.

MPYA AU ILIYOTUMIKA

Kwa familia yenye mfuko mdogo, kompyuta iliyotumika ofisini ng'ambo, ikarekebishwa na kuuzwa tena, mara nyingi ndiyo yenye nafuu. Ya mezani huwa nafuu kuliko ya kupakata yenye nguvu sawa, hupoa vizuri zaidi, na ni rahisi kuiongezea kumbukumbu na diski. Lakini ya kupakata ina betri yake, tena humfuata kijana kazini. Kila nyumba ipime mahitaji yake.

Hata hivyo kuna mpaka usiofaa kuvukwa. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 kwa prosesa za Intel hudai kizazi cha 8 au cha baadaye. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 yaweza kuonekana ya bei ya kutupa, lakini mnunuzi hununua kitu ambacho mtengenezaji wa mfumo wake amekwisha kukiacha. Rahisi hugeuka ghali.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Askari hapokei silaha bila kuikagua, na kompyuta isipokewe kwa namna nyingine. Kijana aende dukani na kadi yenye picha zake mwenyewe za 4K, walau dakika 5. Azinakili katika mashine, azifungue, kisha aruke mbele na nyuma akitazama kama zinaenda au zinaganda. Aiache ikicheza kwa nusu saa hali akisikiliza feni na kugusa upande wa chini. Mashine inayounguza mkono hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

Kisha ajaribu matundu yote ya USB, vitufe vyote na chaja. Akiwa na ya kupakata, aichomoe kwenye umeme aone betri inashikilia dakika ngapi. Aombe risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana ulioandikwa kwa wino, si kwa mdomo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anauza mbuzi kwenye gunia.

NAKALA NYEPESI NI SIRI YA MASKINI

Wahariri wazoefu wana njia inayoweza kuifanya kompyuta ya wastani ifanye kazi ya kompyuta kubwa. Badala ya kuhariri picha zenyewe za 4K, programu huambiwa itengeneze nakala nyepesi za kiwango cha chini, kwa mfano 1280 kwa 720. Kazi yote ya kukata na kupanga hufanyika juu ya nakala hizo. Mwishoni, wakati wa kutoa filamu iliyokamilika, programu huzirudia picha za asili zenye ubora wote. Kutengeneza nakala hizo huchukua muda, lakini kompyuta yaweza kuachwa ikifanya usiku watu wamelala.

Programu za Shotcut na Kdenlive, ambazo hutolewa bure kabisa, zina njia hiyo. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure linalosifika sana kwa rangi, ila hudai mashine yenye nguvu zaidi, hasa kadi ya picha. Hivyo hapana sababu ya kijana kutumia programu iliyoibwa, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Jambo jingine ni kumwuliza mteja mapema atatazamia wapi filamu yake. Kama ni katika simu tu, yatosha kurekodi kwa 1920 kwa 1080. Hapo mzigo hupungua kabla hata droni haijapaa.

AKIBA HAIOZI

Harusi haifanywi mara mbili. Diski ikifa na picha za pekee zimo ndani, hakuna fedha itakayowarudisha wazee waliotoa baraka siku ile, na jina la mpiga picha litaharibika mtaa mzima. Kwa hiyo picha za asili ziwekwe katika diski mbili za nje, tena diski hizo zisilale katika begi moja wala nyumba moja. Kadi ya droni isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Kwa akiba ya namna hii diski za kizamani zenye sahani zafaa sana, kwa kuwa hutoa nafasi kubwa kwa bei ndogo. Terabaiti 1 hubeba zaidi ya harusi 20 za gigabaiti 45.

Umeme nao usisahauliwe. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS, ambayo humpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Wakati wa radi, ambazo si haba katika vilima vya Rwanda, waya wote wachomolewe ukutani.

Mgawanyo mmoja wa busara ni huu: katika kila faranga 10 zilizotengwa, 6 ziende kwenye kompyuta, 2 kwenye diski mbili za nje, 1 kwenye umeme au betri, na 1 ibaki kwa matengenezo. Anayemaliza zote 10 kwenye mashine amejenga nyumba bila mlango.

SHERIA NA NIDHAMU

Rwanda iliweka kanuni za ndege zisizo na rubani mwaka 2016, na vibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hakuna kurusha karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe wala juu ya kambi na vituo vya ulinzi bila idhini. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa za watu yahusu pia sura za watu. Wageni wa harusi na majirani si mali ya mpiga picha.

Kwa nyumba za askari na polisi liko neno moja zaidi. Picha zilizopigwa kazini zibaki kazini. Zisiingizwe katika kompyuta ya nyumbani hata kwa dakika moja, hata kama kijana ndiye mhariri hodari kuliko wote mtaani. Kompyuta inayopita mikononi mwa mafundi na wateja si mahali pa siri za kazi.

HESABU YA MAMA

Tukirudi kwa yule mama wa Kicukiro, hesabu yake sasa ni nyepesi. Anaiacha mashine ya taa za rangi, na ile ya bei ya kutupa pia. Anachukua ya ofisini iliyotumika, ya kizazi cha 8, yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu na SSD ya gigabaiti 512, baada ya kijana kuijaribu kwa picha zake mwenyewe. Bado ana fedha ya diski mbili na UPS. Wala hakopi kabla harusi ya kwanza haijalipwa, kwa maana deni la chombo cha kazi lalipwa na kazi, si na unga wa watoto.

Mashine hiyo itakapochoka baada ya miaka, isitupwe jalalani, kwani betri yake huweza kuwaka moto. Kiko kiwanda huko Bugesera kinachopokea vyombo vya umeme vilivyokufa. Kufikia siku hiyo, kwa kijana mwenye bidii, harusi za watu wengine zitakuwa zimekwisha kununua mashine ya pili.